Maswali ya Wasomaji: Riwaya, Imani na Watu wa Mbweni

Barua tatu za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wanaoandika riwaya za kihistoria zenye imani ya Kikristo ndani yake. Anayejibu ni mwandishi wa safu hii, ambaye naye huandika riwaya za aina hiyo.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Muheza. Ninaandika riwaya ya msichana aliyetolewa kwenye jahazi la watumwa mwaka 1880 na kulelewa na misheni ya Mbweni, Unguja. Mume wangu amesoma sura nne za mwanzo, akasema msichana huyo anaongea kama mwanakwaya wa leo. Nimrekebishe vipi, na nina ruhusa ya kubuni kwa kiasi gani?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mume wako ni msomaji mzuri, na ninakuomba umpe sura zote zinazofuata. Sisi waandishi Wakristo tuna haraka ya kumfikisha mhusika kwenye imani kabla hajapitia lolote. Msichana wako hakupandishwa kwenye manowari ya Waingereza akiwa na wimbo wa shukrani kinywani. Kwake yeye, wale walikuwa watu wengine tena waliomchukua, na mateka wengi walikuwa wameambiwa kwamba Wazungu hula watu. Mwache aogope kwa kurasa nyingi, na siku atakapoanza kumwamini mtu, msomaji aione sababu yake.

Mwaka 1880 umeuchagua vizuri, basi uheshimu. Mkataba wa Juni 5, 1873 ulikuwa umekwisha kulifunga soko la watumwa la Mkunazini, mjini Unguja, na kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na jiwe la msingi la kanisa kuu lilikuwa limewekwa pale pale sokoni siku ya Krismasi ya mwaka huo. Utumwa wenyewe, hata hivyo, ulibaki halali Unguja mpaka amri ya mwaka 1897. Maana yake ni kwamba binti aliye huru Mbweni anaweza kukutana njiani na dada yake wa tumbo moja ambaye bado ni mtumwa wa shamba la karafuu, na hakuna sheria ya kumtoa. Nimesoma miswada kadhaa ambayo inaumaliza utumwa mwaka 1873 kwa sentensi moja, na kila mara nimesikitika, kwa kuwa mwandishi ameutupa mgogoro mzito kuliko yote aliyokuwa nayo.

Mambo madogo nayo yachunguze kwa bidii hiyo hiyo: avae kaniki au merikani, wala usimpe kanga yenye maandishi, ambayo ilikuja baadaye, na mahari na madeni yahesabiwe kwa riali.

Kuhusu kubuni, mtu wako mbuni utakavyo, pamoja na ndoto zake, hasira zake na mazungumzo ambayo hayakuandikwa popote. Usibuni tukio la umma, wala usimtie mtu halisi maungamo ambayo hakuyatoa. John Swedi, mmoja wa wavulana watano ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwa Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana ya Unguja mwaka 1864, alipewa ushemasi mwaka 1879. Anaweza kupita katika sura yako akisoma Injili mbele ya waumini, lakini yaliyokuwa moyoni mwake si mali yako. Tafuta pia maelezo ambayo wavulana wa shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, waliyaandika kuhusu kutekwa kwao, na ambayo mmisionari A. C. Madan aliyachapisha kwa Kiingereza mwaka 1887. Hayo ni maneno ya watoto waliopita alikopita msichana wako.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi Kisauni, Mombasa, na nyanya yangu ni wa ukoo wa watu wa Frere Town, kile kijiji cha misheni cha watumwa waliokombolewa. Katika hadithi yangu msimamizi wa misheni anawachapa watu viboko. Kiongozi wetu wa vijana kanisani amenishauri niliondoe jambo hilo kwa kuwa linaliaibisha kanisa. Niliondoe?

JIBU: Usiliondoe, mwanangu. CMS, shirika la wamisionari wa Kanisa la Uingereza, ilianzisha Frere Town mwaka 1875, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 viboko vya msimamizi wake vilileta lawama kubwa. Kumbukumbu za CMS zimehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Kama wao hawakuzichoma, sisi tunamfichia nani? Biblia yenyewe haikumfichia Daudi habari za mke wa Uria.

Ila nakuomba jambo lililo gumu zaidi, nalo ni kuwaandika wote kama watu kamili. Mmisionari aliyekosea awe pia mtu aliyezika wapendwa wake katika nchi hii, kama mmisionari Krapf alivyomzika mkewe Rosina na binti yao mchanga Mombasa mwaka 1844. Kisha wageukie majirani. Watumwa wengi watoro walikuwa wamekimbilia misheni ya Rabai, karibu na Mombasa, na Januari 1, 1889 zaidi ya 1,400 kati yao walipewa hati za uhuru baada ya George Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, kukubali kuwalipa fidia mabwana zao. Jaribu kuiandika siku hiyo kwa macho ya bwana Mwislamu anayepokea fedha, mtu wa sala tano na mwenye huruma kwa wanawe, ambaye haoni alichokosa. Jirani yako Mwislamu aweze kuisoma sura hiyo bila kutukanwa, na ubaya wa utumwa usipunguzwe hata chembe.

SWALI: Mimi ni mhasibu jijini Dar es Salaam. Rafiki zangu wanasema riwaya yangu imekuwa mahubiri kwa sababu wahusika wanasali mno. Pia nafikiria kuacha kazi ili niandike.

JIBU: Dada yangu, sala usizitoe zote. Bakiza zile ambazo mhusika anaomba kitu mahususi na ana cha kupoteza asipokipata, na mara nyingine Mungu anyamaze mpaka kitabu kiishe, kama waumini tunavyojua kwamba hutokea.

Angalia na aya wanazozinukuu. Biblia ya Union Version tuliyokaririshwa utotoni ilitoka mwaka 1952, kwa hiyo mtu wa karne ya 19 hawezi kuinukuu neno kwa neno. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilipatikana mwaka 1891. Kabla ya hapo watu waliishi kwa vitabu vichache vilivyokuwa vimetafsiriwa na kwa yale waliyoyasikia yakisomwa kanisani. Mhusika mwenye mistari michache tu, anayeirudia kila shida inapomfika, atamgusa msomaji kuliko anayemwaga sura nzima za Isaya.

Kazi usiache. Riwaya hizi hula miaka, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ni ya kusoma. Andika alfajiri, na likizo yako ijayo itumie katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, ukiwa na maswali uliyoyaandika tayari. Mswada ukikamilika, mpe kwanza mtu aijuaye historia ya pwani, wa pili awe asiye Mkristo, halafu ndipo umpelekee padri wako.