Jibu: Wazee wasitie saini mkataba wa kaboni kwanza

Ndugu yangu, nimekuelewa: ukame umewamalizia mifugo, na sasa kampuni ya kaboni, yaani inayouza hati za hewa ukaa inayohifadhiwa na udongo na mimea, inawahimiza wazee watie saini mkataba wa miaka 30 juu ya malisho yenu huko Isiolo. Wasubiri. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya ya 2016 inataka theluthi mbili ya watu wazima wa jamii wakubali mkutanoni. Wazee peke yao hawatoshi. Tena tangu marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, miradi ya kaboni inayotumia ardhi hutakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato kila mwaka. Ulizeni hasa kama mtaruhusiwa kuhamisha ng'ombe kiangazi kikikaza, maana hapo ndipo mfugaji huumia. Nakala nzima mpelekeeni wakili wa ardhi.