Unga wa strudeli unataka kulala

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kwa nini unga wa Apfelstrudel yako, ile keki ya matufaha yaliyoviringishwa ndani ya unga mwembamba, unachanika kila ukiuvuta, na kwa nini strudeli yenyewe ikitoka ovenini huwa imelowa chini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Mikono yako haina kosa. Unga haujalala vya kutosha, na matufaha umeyatia sukari mapema mno.

Pima gramu 250 za unga wa ngano. Huko Ujerumani uliko, chukua pakiti iliyoandikwa 550. Ya 405 nayo inafaa, ila haina nguvu kama hiyo. Tia chumvi kidogo, vijiko vitatu vya chakula vya mafuta, kijiko kimoja cha chai cha siki na mililita 125 za maji ya uvuguvugu. Siki usiiache, maana ndiyo inayolegeza gluteni, ule utando unaoshikanisha unga, ukakubali kuvutwa bila kurudi nyuma.

Kanda dakika 10 kamili. Mwanzoni utanata, na mkono uliozoea chapati utataka kuongeza unga mkavu. Usiongeze. Donge gumu halivutiki hata ulibembeleze vipi. Endelea kukanda mpaka liwe laini kama ndewe ya sikio, lipake mafuta, lifunike kwa bakuli ulilolipasha kwa maji ya moto, kisha liache saa nzima. Wengi huandika nusu saa, lakini kwa anayejifunza haitoshi. Gluteni iliyotoka kukandwa imekaza kama mpira, na hata ikiwa na siki inahitaji muda ilegee. Bonyeza kwa kidole: kishimo kikiruka juu papo hapo, bado.

Unga ukiwa umelala, tengeneza kilicho ndani. Kaanga gramu 100 za chenga za mkate mkavu kwa gramu 50 za siagi mpaka zigeuke rangi ya dhahabu na kunukia. Hizi ndizo zitakazokunywa maji ya matufaha, kwa hiyo usizipunguze. Menya kilo moja ya matufaha makali. Wajerumani hupenda Boskoop. Ukiyakosa, Granny Smith yatafaa. Yale matamu na laini huwa uji. Yakate vipande vyembamba, yakamulie limau, tia gramu 60 za zabibu kavu, kisha ishia hapo. Gramu 80 za sukari na kijiko cha chai cha mdalasini vitaingia dakika ya mwisho, unga ukiwa umeshavutwa, kwa sababu sukari huyatoa matufaha maji yakajaa bakuli.

Sasa kuvuta. Tandika kitambaa safi mezani, kinyunyizie unga kote. Sukuma donge kwa kifimbo cha chapati lifike upana wa sahani kubwa, halafu weka kifimbo kando. Vua pete. Ingiza mikono chini ya unga, viganja vikitazama meza, uuvute kwa migongo ya mikono kutoka katikati kwenda nje, huku ukiizunguka meza. Ncha za vidole hutoboa. Unga ukikataa kuvutika upande mmoja, uache upumzike dakika tano, nenda upande mwingine. Taratibu utaanza kuona maua ya kitambaa chini yake. Ukifika kama sentimita 60 kwa 80, inatosha. Kata kingo nene, kwani haziivi. Tundu dogo lisikutishe, litafichwa na mikunjo.

Paka siagi iliyoyeyuka, mwaga chenga, tandaza matufaha kwenye theluthi ya unga iliyo upande wako, kunja ncha za pembeni, kisha inua kitambaa ili strudeli ijiviringishe yenyewe. Neno Strudel ni kizingia cha maji, na ukiikata utakiona. Mshono ukae chini. Paka siagi, oka kwa nyuzi 200 dakika 35 hadi 40, trei ikiwa chini kidogo ya katikati ya oveni, na katikati ya kuoka upake siagi tena. Iache dakika 15 kabla ya kukata.

Mtu akikuambia strudeli ni ya Vienna, usibishane naye: mapishi ya strudeli ya zamani kabisa yanayojulikana, yaliyoandikwa kwa mkono mwaka 1696, yamehifadhiwa katika maktaba ya jiji hilo. Bavaria, kusini mwa Ujerumani, nako wana namna yao: huioka kwenye chombo chenye kingo ndefu na kuimiminia maziwa au krimu, ikalainika chini kwa makusudi. Hiyo ijaribu baadaye, ukishaweza kuipata kavu.

Ikibaki, ipashe kesho yake ovenini kwa nyuzi 160, dakika 10. Maikrowevu italifanya ganda linywee.

Mama yako