Mamogramu imerudi "kundi 0": haimaanishi una saratani, ila usiiache hapo

Dada, umeuliza: una miaka 43, kwenu hakuna aliyewahi kuugua saratani ya matiti, na mamogramu (eksirei ya matiti) yako ya kwanza imerudi imeandikwa "kundi 0", unatakiwa urudi. Kundi 0 maana yake picha zilizopo hazitoshi kutoa uamuzi. Wanaopiga mara ya kwanza huitwa tena mara nyingi zaidi, kwa kuwa hakuna picha za zamani za kulinganisha. Wengi wao hawakutwi na saratani.

Kwa kawaida kila titi hupigwa mara mbili: kutoka juu kwenda chini, kisha kwa mshazari hadi kwapani. Linabanwa sekunde chache tu. Kunauma, lakini kubana huko ndiko kunakotandaza nyama ili zisifunikane, kunapunguza mionzi na kuzuia picha isitoke na ukungu. Nyama zikilaliana huonekana kama uvimbe. Ndiyo maana ukirudi hubanwa sehemu ile ile yenye shaka kwa bamba dogo, au unafanyiwa altrasaundi.

Siku hiyo usipake poda wala dawa ya kuzuia jasho kwapani. Alumini yake hutokea kama vidoti vyeupe, navyo hufanana na chembe za kalsiamu, ambazo huweza kuwa dalili ya saratani changa. Vaa blauzi na sketi au suruali, si gauni. Kama bado unaona siku zako, nenda wiki inayofuata baada ya hedhi, matiti yakiwa hayajajaa. Sema mapema kama una mimba, unanyonyesha au umewekewa matiti bandia.

Makundi mengine ya majibu: 1 na 2 hayana shaka, 4 na 5 yanadai biopsi, yaani kutoa kipande kidogo cha nyama kikapimwe. La 3 ndilo watu huliacha njiani. Uwezekano wa saratani hapo hauzidi asilimia 2, lakini ni lazima picha irudiwe baada ya miezi 6 ionekane kama kuna kilichobadilika.

Kuhusu ukoo, wengi wanaougua hawana ndugu aliyeugua. Jeni za kurithi huchangia asilimia 5 hadi 10 tu. Ila ukihesabu ndugu, hesabu na upande wa baba, na uulize saratani ya ovari pia, maana kasoro za jeni za BRCA1 na BRCA2, zinazoongeza hatari ya saratani hizo, hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama. Mwenye kasoro hizo hasubiri miaka 40: huanzishiwa MRI (picha ya mashine ya sumaku) ya kila mwaka mapema zaidi, mara nyingi kati ya miaka 25 na 30.

Jambo moja nakuomba ulishike sana. Titi lenye nyama nzito hutoka jeupe kwenye picha, na uvimbe nao ni mweupe, hivyo unaweza kujificha humo. Ukipapasa ukakuta donge, ngozi ikiwa kama ganda la chungwa, au chuchu ikitoa damu, picha safi haitoshi. Mwambie daktari unataka altrasaundi, hata kama mamogramu ni ya mwezi uliopita.