Waya wa bei ghali, bafle na masikio yako: ushauri wa fundi wa sauti wa Lubumbashi

Siku hizi watu hawaniulizi tena bafle gani, yaani sanduku gani la spika, ni nzuri. Wananiuliza hivi: "Fundi, ndugu yangu wa Ulaya anataka kunitumia waya wa spika wa dola 300. Nitasikia tofauti?" Wanaouliza ni viongozi wa kwaya, wenye baa za Kamalondo na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, vijana wanaokodisha sono, yaani vyombo vya sauti, kwa harusi na kwa kilio. Pesa yenyewe ni ya jasho, na mara nyingi ni sadaka ya parokia nzima. Ndiyo maana nimeona nijibu kwa kirefu.

Ushauri wangu ni huu: usilipie sauti ambayo hujaisikiliza bila kujua ni ya kifaa gani. Sisemi masikio yako ni mabaya. Masikio ya kiongozi wa kwaya anayemkamata mwimbaji mmoja aliyepotea sauti kati ya watu hamsini ni masikio ya kuheshimiwa. Lakini macho yakishaona chuma kinachong'aa na bei iliyoandikwa juu yake, masikio hayasikilizi tena peke yake.

Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive walichapisha jaribio ambalo kila muuzaji wa vifaa vya sauti angepaswa kulijua. Waliwasikilizisha watu spika zilezile mara mbili: mara moja wakiziona, mara nyingine zikiwa nyuma ya pazia. Walipoziona, alama walizotoa zilifuata ukubwa wa spika na sura yake. Pazia lilipoteremshwa, maoni yakabadilika. Na wasikilizaji hao hawakuwa wageni wa mambo haya, walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya vifaa vya sauti.

Jambo la pili linalodanganya ni kiasi cha sauti. Ampli mbili, yaani vikuza sauti, zikitofautiana kidogo tu kwa nguvu, hata nusu ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti), hutasema "hii ya pili inapiga zaidi." Utasema "hii ya pili ni safi, ina uhai." Muuzaji anayejua kazi yake anaongeza kidogo anapofika kwenye kifaa anachotaka ununue.

Kwa hiyo fanya hivi. Piga mlio mmoja wa hezi 400 kutoka kwenye simu, weka multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, ikiwa upande wa volti za AC, pale waya unapoungana na bafle, kisha rekebisha ampli hizo mbili mpaka zitoe volti sawa. Moja ikisoma 2.00 na nyingine 2.02, inatosha: tofauti ya asilimia 1 ya volti ni karibu desibeli 0.1, na hiyo haitakupotosha. Halafu funika vifaa kwa kitenge. Mtu mmoja akae nyuma abadilishe, na asiseme neno. Nchi nyingine wanarusha sarafu, sisi hatuna sarafu mfukoni, basi changanya karata: nyekundu ni kifaa A, nyeusi ni B. Kila mara unachanganya upya, unavuta moja, msikilizaji anaandika jibu lake kwenye karatasi. Rudia mara 16. Akipata 12 au zaidi, mchukulie kwamba anasikia kitu kweli, kwa sababu wa kubahatisha anafika hapo chini ya mara 4 katika 100. Akipata 8 au 9, hakuna dalili kwamba alisikia kitu, hata kama alikuwa na uhakika moyoni.

Nimefanya hivyo na mzee mmoja, kiongozi wa kwaya huko Katuba, mtaa mwingine wa hapa mjini, mtu ninayemheshimu sana. Waya wake mpya ulikuwa mnene kama kidole, umevikwa nyuzi za kufumwa. Kabla ya kufunika aliniambia, "Fundi, huu una sauti ya dhahabu." Baada ya kufunika alipata karibu nusu. Alishika ile karatasi akaiangalia muda mrefu, akaniuliza, "Sasa hela hii ningeipeleka wapi?" Hilo ndilo swali lenye faida.

Kwanza tumalize habari za waya, maana sisi tunaishi kwenye nchi ya shaba na hatustahili kudanganywa kuhusu shaba. Matangazo yanasifu shaba "isiyo na oksijeni", usafi wa asilimia 99.99. Kathodi, yale mabamba ya shaba iliyosafishwa yanayotoka kwenye viwanda vya hapa kwetu Katanga, zina usafi wa kiwango hichohicho. Upitishaji wa umeme wa shaba ulishawekewa kipimo cha kimataifa tangu 1913, na waya wa kawaida wa shaba halisi, ule wa kuwashia taa, hukifikia kipimo hicho. Ile isiyo na oksijeni inazidi kwa asilimia 1 hivi, na faida hiyo unaipata pia kwa kufupisha waya sentimita chache.

Kinachohesabika ni unene na urefu. Mita moja ya shaba yenye unene wa milimita mraba 1 ina ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa omu 0.0172. Nyumbani, waya wa mita 5 wenye unene wa milimita mraba 2.5, ukihesabu kwenda na kurudi, ni omu 0.07. Kwenye bafle ya omu 8 hiyo ni hasara ya chini ya desibeli 0.1, hakuna atakayeisikia. Lakini kanisani, mtu akivuta mita 20 za waya mwembamba wa milimita mraba 0.5 mpaka kwenye bafle mbili zilizounganishwa pamoja, omu 4 kwa jumla, zaidi ya robo ya nguvu inaishia ndani ya waya. Hapo kweli unasikia. Weka milimita mraba 4, hasara inashuka hadi asilimia 4 hivi.

Kuna udanganyifu mdogo zaidi ambao unaniuma kuliko ule wa dola 300, kwa sababu unawapata maskini. Sokoni kuna waya mwekundu unaouzwa kama shaba, kumbe ni aluminiamu iliyopakwa shaba nje. Aluminiamu inapitisha umeme kwa asilimia 61 tu ya shaba. Utaujua hivi: ushike mkononi, ni mwepesi kuliko unavyotazamia. Kisha kwangua unyuzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, rudisha. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, usiogope, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, ni waya mzuri.

Waya wa umeme wa bei ghali, ule wa kuchomeka ukutani, sitaupa nafasi kubwa. Sehemu ya umeme wa Katanga hutoka Inga, kwenye bwawa la mto Kongo, ikipita kwenye njia ya kilomita 1,700 hivi mpaka Kolwezi, halafu tena mpaka kwetu, na ukiingia ndani ya ampli unabadilishwa upya na transfoma na dayodi. Mita moja na nusu ya mwisho haiwezi kuusafisha. Kinachoharibu sauti hapa kwetu ni volti kushuka jioni. Ampli ya kawaida ya transfoma iliyotengenezwa kwa volti 220, ikipewa 170, inabaki na kama asilimia 60 ya nguvu yake. Ukiisukuma kama ulivyozoea, inakata vilele vya sauti, besi inakuwa kavu, na tweta, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zinaungua. Watu wanasema "bafle imechoka." Pima ukuta kabla ya kulaumu bafle, kisha nunua stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti, yenye uwezo wa kutosha.

Wati nazo zina hadithi ndefu. Bafle ya plastiki yenye taa za rangi imeandikwa PMPO wati 5,000. PMPO, namba ya matangazo ya nguvu ya kilele, haina kanuni yoyote inayoisimamia, kila kiwanda kinaandika kinachotaka. Marekani iliwawekea wauzaji wa ampli sheria ya namna ya kutangaza wati tangu 1974, kwa sababu tabia hii ni ya zamani. Wewe geuza kifaa, usome kibati cha nyuma. Kikiandika kwamba kinakula wati 60, hakiwezi kutoa 5,000 kwa muda wa wimbo mmoja. Halafu soma usikivu wa bafle, yaani desibeli inazotoa kwa wati 1 ukiwa mita 1. Bafle ya 97 ikiwa na ampli ya wati 50 inalia sawa na bafle ya 88 yenye wati 400, kwa sababu kila ukizidisha nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu. Namba hiyo ndogo, ambayo wengi wanairuka, ndiyo inayookoa pesa ya parokia.

Wapo pia wenzangu wa upande wa pili, vijana wenye programu za kupima, wanaosema namba ikishakuwa nzuri hakuna cha kusikiliza. Nao nawaambia taratibu. Namba moja ya upotoshaji, yaani kiasi ambacho kifaa kinaharibu sauti, haitoshi. Ampli ya zamani ya taa za kioo (valvu) yenye upotoshaji wa asilimia 1 inaweza kupendeza, na nyingine yenye namba ndogo kuliko hiyo ikakwaruza masikio muziki unapopigwa polepole kwa sauti ndogo, kwa sababu aina ya upotoshaji ni tofauti. Kipimo kinajibu swali lililoulizwa tu. Hata kuhusu muziki wa ubora unaozidi CD, mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran waliwasikilizisha watu mara 554, majibu sahihi yakawa 276, yaani kama kubahatisha. Lakini mwaka 2016 mtafiti Joshua Reiss alikusanya majaribio 18 akaona uwezo mdogo wa kutofautisha, asilimia 52 hivi, na unaongezeka kwa waliofundishwa. Kwa kwaya ya Katuba, hiyo si hoja ya kutoa dola hata moja.

Basi yule mzee nilimwambia apeleke hela wapi? Kwenye ukumbi. Paa la mabati, sakafu ya simenti, kuta tupu: kila neno la padri linagonga na kurudi mpaka silabi zinapandana. Tuliinua bafle juu ya vichwa vya watu, tukazielekeza chini kwenye viti badala ya ukuta wa nyuma, tukatundika mapazia mazito nyuma. Mikrofoni zikarudishwa nyuma ya mstari wa bafle, larsen (ule mlio mkali wa mikrofoni inayosikia bafle yake) ikapungua. Pesa iliyobaki ilinunua waya mnene wa shaba ya kweli na mikrofoni moja nzuri ya mwimbaji anayeongoza.

La mwisho ni kwa vijana wa sono. Kwa desibeli 85 sikio linavumilia saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unagawanyika kwa mbili. Kwa desibeli 100 una dakika 15. Ninyi mnasimama kando ya bafle usiku kucha kila Jumamosi. Nunueni vizibo vya masikio wiki hii, na yule mdogo anayebeba nyaya apewe vyake pia.