Maswali yenu kuhusu hedifoni za zamani za umeme tuli

Safu iliyopita niligusia hedifoni za umeme tuli za Stax, kampuni ya Japani, za miaka ya 1970 ninazosikilizia nyumbani, na maswali yakamiminika. Nimejibu haya kwanza.

Zinatofautiana vipi na hedifoni yangu ya kawaida? (Mwalimu, Iringa)

Mwalimu, bila shaka umewahi kuwaonyesha wanafunzi kalamu ya plastiki iliyosuguliwa kwenye nywele, ikadaka vipande vya karatasi. Nguvu ile ile ndiyo inayofanya kazi hapa. Hedifoni ya kawaida ina sumaku na koili ya waya iliyogundishwa kwenye koni, na koili ikitikisika, koni huburutwa nayo. Hii ya umeme tuli haina koili. Kuna utando wa plastiki uliowambwa katikati ya mabamba mawili yenye matundu. Utando umetiwa chaji, na volti za muziki zinapelekwa kwenye mabamba, hivyo bamba moja linavuta huku la pili likisukuma.

Utando wenyewe una unene wa mikroni 2 hivi, wakati unywele wa binadamu hufika mikroni 70. Unasukumwa wote kwa pamoja, na kwa kuwa ni mwepesi mno, unaanza na kusimama pamoja na muziki. Sikiliza kanuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi cha taarabu: utasikia uzi ukiguswa, kisha uzi wenyewe, kisha mlio ukififia. Kwenye hedifoni nyingi mambo hayo matatu huwa kitu kimoja.

Nani alizianzisha, na kwa nini zilichelewa hivyo? (Msomaji, Nairobi)

Wazo ni la zamani, kwani majaribio ya spika za umeme tuli yalikuwepo tangu miaka ya 1920. Kikwazo kilikuwa utando. Ulihitajika mwepesi, wenye nguvu, usiolegea baada ya kuwambwa miaka na miaka. Jibu lilipatikana miaka ya 1950 ilipoenea filamu ya poliesta, ile ambayo DuPont waliiita Mylar. Wengi wenu mmeishika bila kujua: mkanda wa kaseti ni plastiki ya jamii hiyo hiyo.

Mwaka 1957 kampuni ya Quad ya Peter Walker, huko Huntingdon, Uingereza, ilianza kuuza spika kubwa ya sebuleni ya aina hii. Ilikuwa nzuri ajabu, lakini kujaza chumba kizima kwa sauti kulidai chaji ya volti 6,000 kwenye paneli za besi. Hapo ndipo ninapowavulia kofia Wajapani. Waliona kwamba utando ukiwekwa jirani na sikio, hauna haja ya kutikisika sana. Usipotikisika sana, mabamba yanaweza kusogezwa karibu. Na mabamba yakiwa karibu, volti mia mbili na kitu zinatosha. Mwaka 1960 Stax wakatoa SR-1. Hawakuiita hedifoni, waliiita spika ya masikio, na mimi naona walikuwa sahihi.

Marekani walifuata mwaka 1968. Koss wa Milwaukee, ambao tayari walikuwa wameuza hedifoni za stirio tangu 1958, walitoa ESP-6. Ilijichaji kutokana na muziki wenyewe, bila waya wa kwenda ukutani. Ila transfoma zake zilikaa ndani ya vikombe vya masikio, na shingo ndiyo iliyolipa. ESP-9 iliyofuata ilihamishia mzigo huo kwenye kisanduku cha pembeni, na huo ndio uamuzi wa busara.

Baadaye Stax walileta Sigma mwaka 1977, yenye spika zilizokaa mbele ya masikio zikiyaelekea, kama visanduku viwili vilivyofungwa kichwani. Mwaka 1979 ikaja Lambda, yenye vikombe vya pembe nne. Nikiulizwa modeli moja iliyoamua mambo, nataja Lambda: umbo lake bado linatengenezwa hadi leo. Orpheus ya Sennheiser ya mwaka 1991, pamoja na amplifaya yake ya vali, yaani taa za kioo kama za redio za zamani, ilitengenezwa seti 300 tu. Ni kazi ya kifahari, lakini njia ilikuwa imekwisha kufyekwa.

Nimeona plagi za pini 6 na za pini 5. Ninunue ipi? (Kaka wa Arusha)

Pini 6 ni mfumo wa kwanza wa Stax, wenye chaji ya volti 230. Pini 5 ni mfumo wa Pro ulioanza na Lambda Pro mwaka 1982, wenye volti 580. Chaji ilipandishwa kwa sababu mabamba yaliachanishwa zaidi ili utando upate nafasi ya kutikisika, na besi ikafaidika. Plagi ya pini 5 inaingia kwenye soketi ya matundu 6 na itaimba, japo kwa sauti ya chini. Ya pini 6 haiingii kwenye soketi ya matundu 5, na usijaribu kuilazimisha kwa kukata pini! Utando wa zamani haukupimiwa volti 580.

Naweza kuchomeka kwenye simu? (Binti wa Kampala)

Hapana, dada. Lazima upate amplifaya yake maalumu, au kisanduku kama SRD-7 kinachounganishwa kwenye nyaya za spika za amplifaya ya kawaida na kuinua volti. Halafu vikombe viko wazi kwa nyuma, kwa hiyo abiria wenzako wote wangesikiliza nawe. Hizi ni za kiti cha nyumbani, usiku, feni ikiwa imezimwa.

Nina amplifaya ya Stax iliyotoka Japani imeandikwa V 100. Kuna hatari? (Fundi, Morogoro)

Ndiyo, fundi, ukiichomeka moja kwa moja. Umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni 230, itaungua. Tafuta transfoma ya kushusha umeme, yenye nguvu kuliko mahitaji ya kifaa. Na ukifungua kifuniko, kumbuka kuna volti mamia kadhaa ndani, na kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Kwa msikilizaji wa kawaida hakuna hofu: chaji ya utando hupitia rezista kubwa sana, na mkondo wake ni mdogo mno.

Sikio la kushoto linasikika kwa mbali. Zimekufa? (Msomaji, Mombasa)

Yalinikuta hayo hayo. Muuzaji aliniambia ziko salama, nikavaa, mwimbaji akahamia kulia. Iliniuma sana.

Mara nyingi chanzo ni unyevu au vumbi, vinavyofanya chaji ivuje, na hewa ya pwani haina huruma. Ziache kwenye umeme saa kadhaa kabla ya kuhukumu. Kisha cheza rekodi ya mono, yaani yenye sauti ile ile kwa masikio yote mawili: sauti ikikaa katikati ya kichwa, umepona. Zihifadhi kwenye kisanduku kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Ikiwa siku nzima ya chaji haijabadilisha kitu, huenda mpako wa utando unaoshika chaji umechakaa, na hapo ni kubadilisha kipande chenyewe. Zangu zilipona siku ya pili.

Je, zitaboresha rekodi za Siti binti Saad? (Mzee wa Unguja)

Shikamoo mzee. Siti alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri za wakati ule hazikubeba sauti za juu sana. Hedifoni hizi haziwezi kurudisha kisichochongwa, na mchakacho wa sindano utausikia wazi kuliko ulivyozoea. Vumilia dakika chache, sikio litauzoea. Kisha msikilize anapovuta pumzi kabla ya beti. Mimi nilikuwa nimesikiliza rekodi hizo miaka mingi bila kujua kwamba pumzi ile imo.