Jibu: Ufikie wapi Dodoma kwa siku nne

Dada, umesema una shughuli wizarani Mtumba, halafu umwone mwanao Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na unauliza kama ufikie mjini kati. Mimi nisingefikia huko. Mtumba iko kama kilomita 17 kutoka katikati ya jiji, na chuo nacho kiko upande huohuo wa mashariki. Tafuta gesti Kisasa au Nzuguni, hata basi likikushusha stendi kuu ya Nanenane usiku hutahangaika.

Ila kabla hujatuma pesa ya chumba, uliza maji. Nasisitiza hili! Huku ni nusu jangwa, mvua ni kati ya Desemba na Machi hivi, na mgawo wa maji ni kawaida. Niliwahi kulala gesti ya vigae vinavyong'aa, asubuhi nikaoga kwa maji ya chupa. Uliza wana simtanki, na maji yanafika bafuni au ni ya ndoo.

Halafu ukija Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti linakuwa limekaa, vyumba vinagombaniwa. Weka nafasi mapema. Na Juni ubebe sweta, usiku kuna baridi ya upepo.