Siga zangu zimepauka upande mmoja

Swali: Nina boksi la siga (zile sigara nene za majani ya tumbaku yaliyoviringishwa) lenye mfuniko wa kioo, nimeliweka karibu na dirisha, sasa zile za juu zimepauka upande mmoja ila za chini ziko poa tu. Ni ukungu au?

Jibu: Sio ukungu ndugu yangu, ni jua hilo. Miale ya UV (ile ya jua isiyoonekana kwa macho) inafifisha rangi ya jani la nje na kioo cha kawaida hakiizuii yote, halafu boksi likipigwa na jua ndani kunapata joto, unyevu unayumba (uache ucheze kwenye asilimia 65 hadi 70), na joto likipita nyuzi 24 hivi mayai ya mdudu wa tumbaku yanaweza kuanguliwa, hapo ndo utalia. Lihamishie kabatini, au basi funika kioo kwa kitambaa kizito. Rangi haitarudi.